Mkate Usio na Kifuniko

Baba yangu alikuwa na tumbo. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaosimulia habari za wazazi wao hupenda kuanza na busara zao, na baba alikuwa nazo za kumtosha, lakini kilichotangulia kutokeza mlangoni kilikuwa tumbo. Lilikuwa la mviringo na gumu, na nilipokuwa mdogo nililala juu yake mchana nikisikiliza linavyonguruma. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, tulihamia Kariakoo nikiwa sijaanza shule, tukapanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya bibi mmoja wa pwani, mjane, aliyeishi chumba cha nyuma na kuku wake. Chumba kimoja tulilala, cha pili kilikuwa duka la sufuria, makarai na vibatari. Mtaani walimwita baba Mangi, kama walivyowaita wenye maduka wengi wa kwetu, naye aliitika.

Jumamosi mchana, duka likishafungwa, baba alitengeneza mkate. Hilo lilikuwa jambo lake, mama hakuruhusiwa kuligusa. Alijifunza ujanani alipokuwa akisaidia jikoni kwenye misheni moja huko mlimani. Alikata slesi, akazibanika kidogo juu ya jiko la mkaa, akaponda parachichi kwa uma pamoja na ndimu na chumvi, akapaka kwa unene, kisha akapanga juu yake nyanya na tango alizokata nyembamba mpaka unauona mwanga upande wa pili. Mwisho kitunguu kidogo, na pilipili mbuzi aliyoipitisha tu juu juu. Slesi ya pili ya kufunika hakuweka. Mkate ulikuwa wa foleni, siagi tulikuwa tumeshaanza kuisahau, na slesi mbili kwa mdomo mmoja ingekuwa kiburi. Lakini nadhani hata mkate ungejaa mjini asingeufunika, kwa sababu alipenda kukiona anachokila. Kaskazi ikikolea, wali wa moto haupandi na ugali unakaa tumboni mpaka kesho yake. Mkate ule ulikuwa wa moto chini na baridi juu, ukiumaliza unaona bado una nafasi ya kupumua. Tuliula barazani, miguu chini, watu wakipita na kutusalimu.

Siku hizo ndizo zile ambazo kila mtu alikuwa ndugu. Sizibezi. Nilisoma bure kwa sababu ya siku hizo, na nilijifunza kumpa mtu kiti bila kumuuliza kwao ni wapi. Lakini maduka yalikuwa yakikaguliwa, na aliyekutwa na katoni ya sabuni chini ya kitanda alikwenda kujieleza mahali ambako wengine hawakurudi upesi. Baba hakuwa na cha kuficha isipokuwa tumbo.

Jioni moja mkutano wa nyumba kumi ulifanyika kwenye baraza letu, maana lilikuwa pana. Balozi wetu alikuwa fundi cherehani, mzee mpole aliyependa mikutano iishe mapema. Alifungua, akampa nafasi kijana mmoja wa tawi la chama, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka likasimama. Kijana aliinua gazeti. Kulikuwa na katuni ya mtu mnene, tai shingoni, sigara mdomoni, amekalia mgongo wa mkulima.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnyonyaji msimtafute mbali. Mtamjua kwa tumbo. Tumbo kama hili halijazwi na jasho la mwenyewe."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nimeegemea miguu ya baba, nikaona vichwa vinavyogeuka, kimoja baada ya kingine, vikitutazama na kurudi mbele. Baba naye alicheka. Lakini mguu niliouegemea ulikaza, na ulibaki umekaza mpaka mkutano ulipofungwa.

Usiku ule alisogeza sahani akasema ameshiba. Asubuhi alikunywa uji mweupe usio na sukari, nusu kikombe. Jioni aliomba mchicha wa kuchemsha, bila nazi, bila kitu. Alfajiri alianza kutembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, yeye ambaye hata kanisani alikwenda akilalamikia umbali. Jumamosi alifunga duka, akaingia ndani, akalala. Tulikaa barazani tukisubiri mkate, na mama ndiye aliyetuambia tuingie.

Mama hakuwa kwenye mkutano, kwa hiyo nilimweleza mimi. Nilimweleza habari ya gazeti na ya vichwa. Alikuwa anachambua mchele, akaacha.

"Tumbo lile ni la kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyelilisha. Kama kuna wa kuulizwa, niulizwe mimi."

Alikwenda akamwambia hivyo hivyo. Nilimsikia baba akijibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ana watoto, na kwamba mtu hawezi kuwaeleza wote mmoja mmoja. Tumbo wanaliona wote kwa pamoja. Alikuwa amepiga hesabu zake: likiondoka, hakuna atakayemtazama mara mbili. Hapo ndipo nilipoujua woga wa mtu mzima, na ulinikasirisha. Niliwakasirikia watu wa mtaa wote, hata waliokuwa hawajaja mkutanoni. Balozi alinituma dukani siku moja kumnunulia uzi, nikajifanya sikusikia.

Tumbo liliondoka. Liliondoka haraka kuliko alivyotazamia, na likaondoka na vitu vingine ambavyo hakuvikusudia. Mashavu yalikwenda. Shingo ikawa inazunguka ndani ya kola. Alitoboa matundu mapya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, akatoboa tena, mpaka ncha ya mkanda ikawa inamfika mgongoni. Usingizini alitafuna. Sauti yake dukani, ambayo zamani ilimfikia mteja akiwa bado ng'ambo ya barabara, ikawa ya kunong'ona.

Na hapa ndipo hesabu yake ilipokosewa, maana alisahau tunaishi wapi. Kwetu mtu hakondi kwa kupenda. Mtu akikonda anaumwa, au amerogwa, au mke wake ana lake. Ile lugha ya kujinyima chakula ili upungue, tuliisikia baadaye sana, kwa watu wa filamu. Baba alijipunguza ili asitazamwe, na mtaa mzima ukaanza kumtazama. Wateja wa mikoani, waliomfahamu kwa miaka, walisimama mlangoni wakamwangalia, wakaniangalia mimi, wakauliza bei kwa upole ambao hawakuwa nao. Wanawake bombani walinyamaza mama alipofika na ndoo. Mume akikonda, anayetazamwa ni mke. Mama alibeba ndoo yake akarudi bila kugeuka, na akifika ndani anaitua na kukaa kitandani kwanza.

Bibi mwenye nyumba ndiye pekee aliyesema waziwazi. Alimkuta baba uani ananawa.

"Mangi, sisi tunafunga, jua likizama tunakula. Wewe jua lako halizami?"

"Siumwi, Bi Mkubwa."

"Sikuuliza kama unaumwa. Nimeuliza jua."

Baba alifuta mikono akaingia dukani. Kesho yake bibi alimletea mama kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji yaliyotiwa chupani, akamwambia ampe mgonjwa anywe asubuhi. Mama aliipokea chupa kwa mikono miwili. Hakujua la kufanya nayo, sisi ni Wakatoliki, wala hakuthubutu kuimwaga. Aliiweka juu ya kabati, pembeni ya chupa ya maji ya baraka, zikakaa pale zote mbili na baba hakunywa hata moja.

Siku moja mteja alitaka sufuria la rafu ya juu. Baba alipanda kigodani, akanyoosha mkono, na kilichofuata ni kelele za vyombo. Majirani walifika kabla mimi sijatoka chumbani. Walimkuta amelala katikati ya makarai, macho wazi, anasema hajambo. Waliombeba kumwingiza ndani walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa balozi, mzee yule wa cherehani. Nilimwona usoni alipomlaza: alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Habari zilipanda basi zikafika mlimani kabla ya barua yoyote. Wiki haikuisha, baba mdogo akashuka. Alifika Jumamosi asubuhi na kikapu cha parachichi na mkungu wa ndizi, amevaa koti lake la kanisani kwenye joto lile. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anamtazama baba juu ya kichwa changu. Alinywa maji, akauliza habari za kila mtu, akasifu duka ambalo rafu zake zilikuwa nusu tupu. Halafu wakakaa wote wawili uani kwenye kivuli cha ukuta. Mimi nilikuwa naosha vyombo karibu yao.

"Kule nyumbani," baba mdogo alianza, "migomba ya upande wa mfereji imezeeka."

"Ile aliyopanda mzee?"

"Ile. Tumeing'oa."

Kihamba chetu, shamba la ukoo, si kikubwa, na kila mtu anajua kila mgomba. Migomba ile ilikuwa karibu na kaburi la babu. Mtu wa kwetu anaweza kuishi Dar es Salaam maisha yake yote, lakini anazikwa kwenye migomba ya kwao.

"Pamekaa wazi," baba mdogo aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kumponyoka. "Ni pazuri. Hapatuamishi maji. Mama mwenyewe ndiye aliyepaonyesha."

Niliacha kuosha. Baba alikuwa anatazama mikono yake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mkutano ule kujitazama kwa macho ya mtu mwingine asiye kijana wa gazeti. Alikuwa amejitahidi wasimwone mnyonyaji, na mama yake mzazi alikuwa amemchimbia nafasi.

Kabla hajajibu, bibi mwenye nyumba alitoka ukumbini akiwa na wageni nyuma yake. Walikuwa balozi, na wanawake wawili watatu wa mtaa wetu, na yule kijana wa tawi, shati lake limesimama vilevile. Nilishika sufuria nililokuwa naosha nikalikumbatia, sijui nilidhani nitalifanyia nini.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

"Marahaba."

Balozi alikohoa. Alisema nyumba kumi wamekaa wakaona si vizuri, jirani yao anaumwa na wao wapo. Akampa baba kopo. Ndani kulikuwa na sukari, na ilikuwa ya rangi mbalimbali, nyingine nyeupe nyingine ya kahawia, ukaelewa imetoka nyumba tofauti. Sukari siku hizo ilikuwa ya mgawo. Mtu aliifungia sandukuni pamoja na kanga zake nzuri. Kijana naye alitoa mkate kwenye gazeti, mkate mzima, akasema amepanga foleni tangu alfajiri na umemfikia ukiwa wa mwisho mwisho, kwa hiyo mzee amsamehe umebonyea.

Baba alishika kopo kwa mikono miwili. Hakushukuru. Alimtazama kijana muda mrefu.

"Siku ile barazani," alisema, "uliposema habari ya matumbo."

"Siku ipi, mzee?"

"Siku ya gazeti."

Kijana alifikiri. Unaona kabisa anatafuta na hapati. Alikuwa amesema maneno yale kwenye mabaraza mengi, katuni ile aliibeba kila alipokwenda. Halafu macho yake yakashuka pale tumbo lilipokuwa, yakakaa hapo, na uso ukabadilika.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyeelewa upesi. Alikaa chini kwenye kizingiti, maana miguu ilikuwa ikimsumbua.

"Kwa hiyo ndilo hilo," alisema. "Mangi, unataka kutufia kwa sababu ya katuni?"

"Mlinitazama."

"Tulikutazama. Mimi nilikutazama na nikacheka. Tumbo limekaa mbele namna ile, macho yaende wapi? Mtaa mzima tunaamkia tumbo lako. Likitoka mlangoni asubuhi najua kumekucha, nawafungulia kuku. Tangu uliondoe kuku wangu wanachelewa kula."

Mwanamke mmoja alijifuta macho na ncha ya kanga. Balozi alisema polepole kwamba yeye mwenyewe amemshonea Mangi suruali miaka yote hii, anakijua kiuno chake kuliko anavyokijua cha kwake, na hajawahi kukiwazia ubaya. Kijana alikuwa amesimama, mikono haijui pa kwenda. Alisema, "Nisamehe, mzee. Sikukuwaza wewe." Na nadhani hilo ndilo lililomuuma baba kuliko yote, kwamba njaa yote ile aliishika kwa ajili ya mtu ambaye hakumuwaza.

Baba aliinuka. Mama alikuja kumshika, akamwashiria aache. Alikwenda penye ndoo ya maji akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama zamani. Akasema aletewe kisu na jiko.

Alikata ule mkate mwenyewe. Mkono ulitetemeka na slesi zilitoka nene upande mmoja, jambo ambalo zamani angelichukia. Alihesabu watu kwa macho, wageni pia, akaona zinatosha moja moja. Akachagua parachichi kutoka kwenye kikapu cha baba mdogo, akizibonyeza karibu na kikonyo. Nyanya na tango mama alikimbia kununua sokoni, na ndimu bibi alitoa ndani kwake. Uani kukanuka mkate unaoungua kidogo pembezoni. Sote tulisimama tukimtazama akiponda, akipaka, akipanga. Sijawahi kuona watu wazima wametulia hivyo mbele ya chakula ila kanisani.

"Barazani," alisema alipomaliza.

Tulitoka na sinia. Jua lilikuwa utosini na Kariakoo nzima ilikuwa njiani, wenye mikokoteni, wenye vikapu, wenye kurudi kutoka kazini mjini baada ya nusu siku. Baba alikaa mahali pake pa zamani. Alichukua slesi yake, akaitazama yote, kijani na nyekundu na maji ya ndimu yanayoteremka pembeni, kisha akauma.

Alitafuna muda mrefu. Nyanya ilimtoka ikamdondokea kifuani, akaiokota akaila. Alipouma mara ya pili machozi yalikuwa yanatiririka, na hakuyafuta, aliendelea kutafuna huku analia mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa ameogopa kutazamwa. Mama alikaa kando yake akasema, "Polepole, utavimbiwa." Hakumaliza slesi ile. Tumbo lilikuwa limesahau kazi. Nusu iliyobaki alinipa mimi, na naukumbuka utamu wake na chumvi iliyozidi, kwa sababu mkono ulitetemeka.

Wageni walikula na kulamba vidole. Kijana wa tawi alikula amesimama, ameinama ili lile shati lisichafuke, na aliporudisha sinia alimwambia baba kwamba ni mkate mtamu, ila kwa nini hauna slesi ya juu. Baba alimwambia akae. Alikaa.

Jioni, baba mdogo alipokuwa anafunga kikapu chake kitupu, baba alimwambia neno moja la kupeleka.

"Mwambie mama pale mlipopasafisha papandwe migomba. Msipaache wazi."

Ilipandwa. Tumbo lilirudi, si lote, la kumtosha bibi kufungulia kuku. Jumamosi zikarudi. Baba aliishi miaka mingi baada ya pale, akaona maduka yanajaa tena, mikate mpaka inatupwa, na bado hakufunika slesi.

Tulipompandisha mlimani kwenda kumzika, baba mdogo alikuwa mzee wa fimbo. Vijana walikuwa wameanza kukata migomba ya upande wa mfereji kupata nafasi. Mmoja ulikuwa umebeba mkungu mchanga, ndizi zake bado zimeshikana. Baba mdogo alisimama mbele yake akakataa usikatwe. Walibishana naye kidogo, kisha wakasogeza kaburi pembeni, na kivuli cha mgomba ule kikawa kinamlalia baba kifuani. Mkungu ulipokomaa baba mdogo aliutuma kwa basi mpaka kwetu Kariakoo, na mama akaumenya wote mwenyewe, tukala.